Mgonjwa Ndiye Mizani: Majaribio ya Tiba za Mvumo wa Masikio

Mvumo wa masikio, ambao madaktari huuita tinitasi, ni sauti inayosikika na mtu mmoja tu. Kwa huyu ni mluzi mwembamba usiokatika. Kwa yule ni nyenje wa usiku wa masika. Kwa mwingine ni birika linalokaribia kuchemka, au redio iliyopoteza stesheni. Anayelala naye kitanda kimoja hasikii kitu. Hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha, wala eksirei, wala chombo cha kurekodi kinachoweza kuunasa, isipokuwa katika visa vichache ambapo mlio unatoka kweli kwenye mshipa wa damu au msuli ulio karibu na sikio. Daktari akitaka kujua kama upo, una ukubwa gani, na kama umepungua tangu wiki iliyopita, njia aliyonayo ni moja: amwulize mgonjwa. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuutafutia dawa. Anayejaribu dawa ya shinikizo la damu ana mashine ya kupimia, na anayejaribu dawa ya malaria ana hadubini. Anayejaribu dawa ya mvumo ana neno la mtu.

Wanaousikia ni wengi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la JAMA Neurology, uliounganisha tafiti za nchi nyingi, ulikadiria kwamba takriban asilimia 14 ya watu wazima wana mvumo wa namna fulani, yaani zaidi ya watu milioni 740 duniani, na kwamba wanaosumbuliwa nao vikali wanazidi milioni 120. Wengi huuzoea hadi wakausahau mchana kutwa, wakaukumbuka tu wanapoweka kichwa kwenye mto wa kulalia. Wachache hunyimwa usingizi, hushindwa kusoma ukurasa mmoja hadi mwisho, huingiwa na huzuni isiyotoka. Kwa watu hao hakuna hata dawa moja ya kumeza au kudunga iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kwa ajili ya kutibu mvumo. Matone, mafuta na vidonge vinavyotangazwa kwamba vinaukomesha ni vingi, lakini tangazo si jaribio.

Chanzo chake mara nyingi ni sikio lililopoteza sehemu ya usikivu. Ndani ya koklea, kiungo kilichojiviringa kama konokono, zimo seli zenye vinyweleo vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Ubongo ukikosa ishara uliyozoea kupokea, huongeza nguvu ya kusikiliza, kama mtu anayekazia sauti ya redio ili aikamate stesheni ya mbali, na mkwaruzo nao ukapanda pamoja. Seli hizo huuawa na umri, na kelele za viwandani, za bunduki, za spika za harusini zilizowekwa mlangoni pa jirani. Nyingine huuawa na dawa. Waliotibiwa malaria kwa kwinini wanaijua hali ya masikio kuvuma siku ya pili ya dozi. Aghalabu hutulia dawa ikiisha mwilini. Sindano za jamii ya streptomaisini na kanamaisini, zilizotumika miaka mingi dhidi ya kifua kikuu, zinaweza kuacha madhara ya kudumu, na ndiyo sababu mojawapo iliyolifanya Shirika la Afya Duniani kuiondoa kanamaisini katika mapendekezo yake ya kutibu kifua kikuu sugu. Wakati mwingine tatizo ni nta iliyojaa sikioni, na hiyo haihitaji jaribio lolote, inahitaji kutolewa na mtu anayejua kazi yake.

Hata sikio zima lina mvumo wake likinyimwa sauti. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye usikivu wa kawaida, mmoja mmoja, katika chumba kisichopitisha sauti, wakawataka waeleze watakachosikia. Asilimia 94 walisikia kitu: kuvuma, kulia, kuunguruma. Chumba kilikuwa kimya. Matokeo hayo ni onyo kwa kila anayetaka kupima tiba ya mvumo, kwa maana kinachoulizwa husikika, na kinachosikilizwa hukua.

Kwa nini basi mganga au daktari asimpe mgonjwa dawa, akamwuliza baada ya mwezi kama amepata nafuu? Kwa sababu jibu litakuwa "ndiyo" mara nyingi mno. Mvumo hupanda na kushuka wenyewe. Mtu hutafuta tiba siku ambazo umemzidi kimo, na baada ya siku mbaya kabisa zinazofuata kwa kawaida ni siku zenye unafuu, dawa iwepo isiwepo. Zaidi ya hapo, kusikilizwa kwa makini na mtaalamu, kupimwa, kupewa tumaini, vyote humpunguzia mtu hofu, na hofu ikipungua mvumo hausumbui kama awali. Ukubwa wa jambo hili ulionekana katika jaribio la gabapentini, dawa ya kifafa na maumivu ya neva, lililochapishwa mwaka 2007 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis. Washiriki 135 waligawanywa makundi mawili, moja likimeza gabapentini na jingine vidonge vinavyofanana nayo ambavyo havina dawa ndani. Baada ya wiki nane, kwenye kipimo cha usumbufu chenye alama 100, kundi la dawa lilishuka kwa wastani wa alama 11.3. Kundi la vidonge vitupu lilishuka kwa alama 11.0. Bila kundi la pili, gabapentini ingeuzwa leo kama dawa ya masikio.

Ujuzi wa kugawa wagonjwa kwa kura, ili asiwepo wa kumchagulia mtu kundi, ulipata sura yake ya kisasa katika jaribio la streptomaisini dhidi ya kifua kikuu, lililotangazwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza mwaka 1948. Wagonjwa 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, 52 mapumziko peke yake. Katika miezi sita walikufa wanne wa kundi la kwanza na 14 wa kundi la pili. Inashangaza kidogo kwamba dawa iliyoufundisha ulimwengu namna ya kujaribu dawa ni hiyo hiyo inayodhuru sikio la ndani. Afrika Mashariki nayo ina fungu lake katika historia hiyo. Miaka ya 1970, wagonjwa wa hospitali za ukanda huu walishiriki katika majaribio ya pamoja na baraza hilo la Uingereza yaliyoonyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya mwaka na zaidi. Kila anayemaliza dozi ya miezi sita leo ana deni kwa watu hao.

Safari ya mshiriki wa jaribio la mvumo huanza kwa kuchujwa. Maombi huwa mengi kuliko nafasi, na vigezo huwa vikali. Mtu ambaye mvumo wake unadunda sambamba na mapigo ya moyo huondolewa, kwa sababu huenda ana tatizo la mshipa linalohitaji daktari mara moja, si jaribio la miezi mitatu. Mwenye ugonjwa wa Ménière wa sikio la ndani, mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo ikiwa tiba inatumia umeme au sumaku, mjamzito, anayetumia dawa fulani za usingizi au za sonona, nao kwa kawaida hukataliwa. Asiyesumbuliwa sana pia huachwa nje, kwani hana pa kushukia: aliyeanza na alama 10 hawezi kuonyesha nafuu ya alama 20. Muda nao huangaliwa. Baadhi ya tiba hulenga mvumo wa wiki chache, kabla ubongo haujaukariri. Nyingine hutaka uliodumu miezi mingi, ili isije ikadhaniwa kwamba umepona kwa dawa kumbe ulikuwa unaondoka.

Anayefaulu hukabidhiwa fomu ya ridhaa. Kisheria na kimaadili, tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, fomu hiyo ndiyo mlango wa jaribio zima, ingawa kurasa zake nyingi huandikwa kana kwamba zinasomwa na wanasheria. Ndani yake lazima paelezwe kinachojaribiwa, madhara yanayojulikana, uwezekano wa kupewa tiba tupu, idadi ya siku za kufika kituoni, na haki ya mshiriki kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu na bila kupoteza matibabu yake ya kawaida. Kabla ya hapo, mpango mzima umeshapitiwa na kamati ya maadili isiyo na maslahi katika dawa hiyo. Nchini Tanzania kibali cha maadili cha kitaifa hutolewa kupitia taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na dawa inayojaribiwa huhitaji pia idhini ya mamlaka ya dawa, TMDA. Nchini Kenya Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo inayoidhinisha majaribio ya dawa. Jaribio la halali huandikishwa pia katika daftari la wazi kabla ya kuanza. La Marekani lilifunguliwa mwaka 2000, na bara la Afrika lina lake linaloendeshwa kutoka Afrika Kusini.

Kisha hufuata kupimwa. Mshiriki huketi katika kibanda kilichozibwa sauti, amevaa spika za masikioni, na mpimaji humpigia mlio mmoja baada ya mwingine. "Wako ni mwembamba kuliko huu, au mnene?" Mshiriki hufumba macho, husikiliza wa mashine, husikiliza wa kwake. Mwembamba zaidi. Mpimaji hupandisha. Sasa umepita. Hushusha kidogo. Kazi hii huchukua muda, kwa sababu wengi wana mvumo wa sauti mbili tatu zilizochanganyika, na wengine huona kwamba mlio wa mashine umeufunika wa kwao kabisa, wakasubiri dakika nzima urudi. Baada ya wembamba hutafutwa ukubwa. Hapa hutokea jambo linalowashangaza wengi: mvumo unaomnyima mtu usingizi, ukilinganishwa na sauti ya mashine, mara nyingi huwa juu kidogo tu ya sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia. Ukubwa wa mlio na ukubwa wa mateso ni vitu viwili.

Ndiyo maana kipimo kinachobeba hukumu ya majaribio mengi ni karatasi ya maswali. Dodoso linalotumika sana, THI, lilitungwa Marekani mwaka 1996 na lina maswali 25. Je, mvumo humfanya mtu ashindwe kukaza mawazo? Humfanya akasirike? Humzuia kufurahia kukaa na watu? Jibu la "ndiyo" lina alama nne, "wakati mwingine" mbili, "hapana" sifuri, na jumla haizidi 100. Kuanzia 38 usumbufu huhesabiwa kuwa wa wastani, na kuanzia 58 kuwa mkali. Dodoso jingine, TFI la mwaka 2012, lilitungwa kwa makusudi ya kunasa mabadiliko madogo zaidi. Kwa vile maneno ndiyo rula, majaribio mengi humtaka mshiriki awe anaielewa vizuri lugha ya dodoso. Kulitafsiri papo hapo mezani hakukubaliki. Tafsiri nayo lazima ijaribiwe kwanza, isije ikawa "kuudhika" kwa huyu ni "kukata tamaa" kwa yule. Mzungumzaji wa Kiswahili anayeishi Minneapolis au Birmingham na kutaka kujiandikisha ataulizwa jambo hilo mapema.

Baada ya kura kupigwa na kompyuta, mshiriki hajui yuko kundi gani, na katika majaribio bora hata anayempima hajui. Kidonge tupu ni rahisi kutengeneza. Jaribio la majani ya ginkgo, mti wa China ambao dondoo lake huuzwa duniani kote kama dawa ya masikio na kumbukumbu, liliendeshwa Uingereza kwa posta na simu, bila washiriki kukanyaga kliniki. Zaidi ya watu 1,100 waliandikishwa, wengi wao wakalinganishwa wawili wawili kwa jinsia, umri na muda wa mvumo, kisha mmoja akapata ginkgo na mwenzake kidonge kisicho na kitu, kwa wiki 12. Matokeo yalitoka katika jarida la BMJ mwaka 2001. Kati ya 360 waliotumia ginkgo, 34 walisema mvumo umepunguza usumbufu. Kati ya 360 wa upande wa pili, 35. Ginkgo inaendelea kuuzwa.

Sindano ni ngumu zaidi kuiigiza, na mzigo wa mshiriki huwa mkubwa. Kampuni ya Uswisi, Auris Medical, ilijaribu jeli yenye esketamini iliyodungwa kupitia kiwambo cha sikio mara tatu ndani ya siku tatu hadi tano, kwa watu wenye mvumo mpya uliotokana na kelele au maambukizi ya sikio. Jaribio moja kubwa lilianguka mwaka 2016, la pili mwaka 2018: waliodungwa dawa hawakuwazidi waliodungwa jeli tupu. Kampuni ya Marekani, Otonomy, ilikuwa na dawa nyingine ya kudunga, OTO-313. Katika jaribio la awali lenye watu 30 hivi, asilimia 43 ya waliopata dawa walipata nafuu iliyodumu, dhidi ya asilimia 13 ya waliopata sindano tupu, na habari zikaenea kwa shangwe. Jaribio kubwa zaidi lilipokamilika mwaka 2022, tofauti ilitoweka. Kundi la watu 15 ni dogo kiasi kwamba watatu tu wakiamka na siku njema, asilimia hupaa.

Hali ni hiyo hiyo kwa sumaku. Tiba hii huweka koili juu ya kichwa, nayo hurusha mapigo ya sumaku kuelekea sehemu ya ubongo inayoshughulikia sauti. Mshiriki huketi akiwa ameziba masikio, akisikia tu mgoto wa koili, tak tak tak, mamia ya mara. Koili ya uongo hutoa mlio huo huo bila nguvu ya kufika ndani. Mwaka 2015 jaribio la hospitali ya maveterani wa jeshi huko Portland, Marekani, lenye washiriki 64, lilionyesha nafuu kwa asilimia 56 ya waliopata sumaku ya kweli na asilimia 22 ya waliopata ya uongo. Miaka miwili baadaye jaribio la vituo kadhaa vya Ujerumani lenye watu 163 halikuona tofauti yoyote. Msomaji wa gazeti aliyekutana na habari ya kwanza peke yake aliamini tiba imepatikana, na hakosei kuhisi amedanganywa, ingawa hakuna aliyedanganya.

Vifaa vinavyochanganya sauti na umeme mdogo ndivyo vilivyovuta macho zaidi katika miaka ya karibuni. Cha kwanza, Lenire, kimetengenezwa na kampuni ya Neuromod ya Dublin, Ayalandi. Mtumiaji huvaa spika za masikioni na kuweka juu ya ulimi kijiko kidogo chenye elektrodi 32, kinachotekenya kama soda kali, kwa jumla ya saa moja kila siku kwa wiki 12. Wazo ni kwamba ubongo ukipokea habari za sauti na za mguso kwa mpangilio maalumu, huacha kuukazania mlio wake wenyewe. Jaribio la kwanza kubwa, lililofanyika Dublin na Regensburg, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2020, lilikuwa na watu 326. Wengi wao waliripoti nafuu. Kasoro yake ni kwamba makundi yote matatu yalipata tiba iliyo hai, tofauti ikiwa ya mpangilio tu, kwa hiyo haikuwezekana kujua ni kiasi gani cha nafuu kilitokana na kushiriki kwenyewe. Jaribio la baadaye, lenye watu 112, lilianza kwa wiki sita za sauti peke yake, likafuata wiki sita za sauti na ulimi. Miongoni mwa waliokuwa na usumbufu wa wastani kwenda juu, karibu asilimia 59 walipata nafuu ya maana katika kipindi cha pili, dhidi ya asilimia 43 katika kipindi cha sauti tupu. Kwa matokeo hayo FDA iliruhusu kifaa kiuzwe Marekani mwezi Machi 2023. Bado neno linabaki: kila mtu alianza na sauti akamalizia na ulimi, na muda peke yake nao hutibu.

Chuo Kikuu cha Michigan kilichukua njia nyingine. Kundi la Susan Shore lilikuwa limechunguza kwa miaka mingi, kwanza kwa wanyama, sehemu ya shina la ubongo ambapo neva za sikio hukutana na zile za uso na shingo. Watu wengi wenye mvumo wanaweza kuubadilisha kwa kuuma meno kwa nguvu au kugeuza shingo, na jaribio lililochapishwa mwaka 2023 liliwachukua hao peke yao, 99. Kila mshiriki alipewa kifaa cha kutumia nyumbani, dakika 30 kwa siku, chenye sauti iliyotengenezwa kufuatana na mvumo wake na elektrodi za kubandika shavuni au shingoni. Nusu walianza na tiba kamili kwa wiki sita, nusu na sauti tupu; wakapumzika wiki sita; kisha wakabadilishana. Hakuna aliyeambiwa ameanza na ipi. Katika awamu ya kwanza waliopata tiba kamili waliwazidi wenzao waziwazi. Awamu ya pili ilikuwa na utata wa kupendeza: walioanza na tiba kamili waliingia kwenye sauti tupu wakiwa bado na nafuu yao, ikawa vigumu kuwalinganisha. Kwa mtafiti hilo ni kichwa kuuma. Kwa mgonjwa ni habari njema.

Tiba yenye ushahidi mpana kuliko zote, hata hivyo, haina elektrodi wala sindano. Ni tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuyatambua mawazo yanayomwongezea hofu ya mlio na kuyabadili, ijulikanayo kwa kifupi cha CBT. Jaribio la Uholanzi lililochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2012 liligawa wagonjwa 492 kati ya huduma ya kawaida na huduma ya hatua kwa hatua iliyojengwa juu ya tiba hiyo, likawafuatilia mwaka mzima. Kundi la pili liliishi vizuri zaidi na kusumbuliwa kidogo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya majaribio 28 na washiriki 2,733, yalikubali kwamba hupunguza athari ya mvumo katika maisha. Mlio wenyewe mara nyingi hubaki pale pale, na baadhi ya wagonjwa huona wamepewa ushauri walipotaka dawa. Jaribio la UNITI la vituo vitano vya Ulaya, lililochapishwa mwaka 2024, liliwaweka watu 461 kwenye tiba moja au mbili kati ya nne: CBT, vifaa vya kusaidia kusikia, ushauri wa mpangilio, na sauti za kutuliza. Tiba mbili zilishusha alama za THI kwa wastani wa 14.9, tiba moja kwa 11.7. CBT na vifaa vya kusikia vilifanya kazi nzuri hata vikiwa peke yake. Kuunganisha kulisaidia hasa pale tiba ya kwanza ilipokuwa dhaifu.

Faida na gharama za kushiriki hazilingani kwa wote. Mshiriki hupimwa usikivu bure na kwa kina, na huzungumza na watu wanaoujua ugonjwa wake, jambo ambalo wengi hawajawahi kulipata. Nauli kwa kawaida hurudishwa, pengine na kifuta jasho kidogo. Kwa upande wa pili kuna siku za kazi zinazopotea, madhara ya dawa, na uwezekano wa kumaliza miezi mitatu na kugundua kwamba kilichomezwa kilikuwa wanga. Kuna pia tatizo linalowahusu wenye mvumo peke yao: kuulizwa kila mara juu ya mlio humrudisha mtu kwenye mlio. Baadhi ya watafiti kwa sababu hiyo wameacha kuwataka washiriki waandike ukubwa wa mvumo kila siku, wakawauliza kwa vipindi vinavyoachana. Anayeona kwamba unazidi kwa kuulizwa ana haki ya kusema hivyo na kuondoka. Jaribio la kweli halimwuzii mshiriki dawa inayojaribiwa, na halimwahidi kupona. Anayetoza pesa kwa "utafiti" wa kukomesha mvumo anafanya biashara.

Siku ya mwisho hufanana na ya kwanza. Kibanda kile kile, milio ile ile, karatasi ya maswali 25. Kifaa hurudishwa katika sanduku lake, na makopo ya vidonge huhesabiwa kujua vingapi vilimezwa. Mshiriki hasomewi matokeo yake papo hapo, kwa sababu siri ya makundi haifunguliwi mpaka mtu wa mwisho amalize na hesabu zifungwe, na hiyo yaweza kuchukua mwaka au zaidi. Dodoso hutumwa tena baada ya miezi mitatu, sita, pengine 12, kuona kama nafuu imekaa. Ndipo huja barua au ujumbe unaomweleza alikuwa kundi gani. Wapo wanaogundua kwamba mvumo wao ulipungua wakiwa kwenye kundi la vidonge vitupu. Alama zao hazifutwi. Huhesabiwa pamoja na za wengine, na ndizo zinazoamua kama dawa imefaulu.